RF chanya bado haijasema una baridi yabisi

Kipimo cha RF, ambacho watu hukihusisha na baridi yabisi, ugonjwa wa kuvimba viungo, ukikiona kikifanyika utashangaa kilivyo kidogo. Damu imeshachukuliwa, imeachwa igande, imezungushwa kwenye mashine mpaka seli zikatuama chini na juu yake yakabaki majimaji ya manjano iliyofifia, ambayo sisi wa maabara tunayaita seramu. Unadondosha tone moja la seramu kwenye kibao cheusi chenye miduara. Juu yake unaweka tone la lateksi, majimaji meupe yenye punje ndogo mno zilizopakwa kingamwili. Unachanganya kwa kijiti, unakiyumbisha kibao taratibu chini ya taa kwa dakika mbili. Mchanganyiko ukibaki mweupe na laini, unaandika hasi. Ukianza kukatika, madonge madogo meupe yakajitokeza juu ya weusi wa kibao, unaandika chanya. Na dakika mbili ni mbili kweli, kwa sababu tone likianza kukauka pembeni hujifanya limegandana hata kama halina kitu.

Hicho ndicho kipimo cha RF, yaani rematoidi fakta, jinsi kinavyofanywa kwa mkono. Maabara zenye mashine kubwa hupima kwa mwanga na kutoa namba, lakini kinachotafutwa ni kilekile. Mimi kazi yangu ni hiyo ya maabara, na hakuna kipimo ninachoulizwa na ndugu na marafiki kuliko hiki. "Nimeambiwa nina baridi yabisi." Nikiuliza ni daktari gani aliyesema, kimya kidogo, kisha: "Imeandikwa hapa, RF chanya." Kumbe aliyesema ni karatasi.

Sasa tuanze na hicho kinachogandana. Kingamwili ni protini zinazotengenezwa na mwili ili kunasa vijidudu na vitu vigeni. RF ni kingamwili ya ajabu kidogo, kwa kuwa yenyewe inanasa kingamwili nyingine. Ile tunayoipima mara nyingi ni ya aina ya IgM, kubwa, yenye mikono mingi, na inachoshika ni mkia wa kingamwili za aina ya IgG. Punje za lateksi zimepakwa IgG. IgM moja inashika punje kadhaa kwa mpigo, punje zinavutana, na jicho linaona madonge. Basi. Hakuna mahali popote katika hatua hizo ambapo kiungo cha mtu kimeguswa.

Jambo hili liligunduliwa bila kutafutwa. Mwaka 1940 Erik Waaler, daktari wa Norway, alichapisha alichokiona maabara: alikuwa anatumia chembe nyekundu za damu ya kondoo zilizopakwa kingamwili za sungura, na seramu ya mgonjwa wa baridi yabisi ikazigandisha isivyotarajiwa. Mwaka 1948 Harry Rose na wenzake huko New York wakakutana na jambo hilohilo, ndiyo maana kwa miaka mingi kipimo kiliitwa Waaler-Rose. Mwaka 1956 Jacques Singer na Charles Plotz wakaleta punje za lateksi, na kondoo wakapumzika. Ninachopenda katika kisa hiki ni mpangilio wake. Mgonjwa alikuwa anajulikana kwanza, na ugonjwa wake unajulikana. Seramu ikafuata nyuma. Siku hizi tumeugeuza: tunaanza na seramu, kisha tunamtafutia mgonjwa ugonjwa.

Na RF haipatikani kwa wenye baridi yabisi peke yao. Wenye homa ya ini aina ya C wanaweza kuwa nayo, tena kwa wingi. Vivyo hivyo wenye maambukizi ya utando wa ndani ya moyo, kifua kikuu, kaswende, ukoma, malaria, na wale wenye ugonjwa wa Sjögren unaokausha macho na mdomo. Kinga ikichokozwa kwa muda mrefu na kitu chochote, hutoa kingamwili za kila namna, na RF huwa miongoni mwake. Kisha kuna kundi la watu wasio na ugonjwa wowote. Wazima kabisa. Ni wachache ujanani na huongezeka umri unavyosogea.

Hesabu yake ndiyo inayoshangaza watu, kwa hiyo nitaifanya hapa polepole. Chukua watu wazima 1,000 bila kuchagua. Baridi yabisi huwapata watu wasiozidi sana asilimia 1, basi tuseme 10 kati yao wanayo. RF hukamata takriban 7 katika hao 10. Wanabaki 990 wasio na ugonjwa. Tuseme asilimia 5 tu yao wana RF bila sababu ya maana. Hao ni karibu 50. Jumla ya waliopata chanya ni 57, na wagonjwa ndani yake ni 7. Yaani ukikutana na mmoja wa hao 57 akiwa ameshika karatasi yake huku analia, uwezekano kwamba kweli ana baridi yabisi ni kama mmoja kwa wanane.

Sasa chukua watu 100 wengine, ila hawa wamechujwa: kila mmoja ana viungo vidogo vilivyovimba na daktari amevigusa. Tuseme nusu yao wana baridi yabisi. RF inakamata 35. Katika 50 wengine, hata tukiongeza makosa mpaka asilimia 15, chanya za bure ni 7 au 8. Sasa katika chanya 43 hivi, 35 ni wagonjwa kweli. Lateksi ni ileile, kibao ni kilekile, dakika ni zilezile mbili. Kilichobadilika ni nani aliyetumwa kuchukuliwa damu.

Mama mdogo wangu alikuwa wa lile kundi la kwanza. Magoti yalikuwa yanamuuma akipanda ngazi, akikaa yanatulia, na asubuhi yalikuwa yanakakamaa kwa dakika chache tu, akitembea kidogo yanalegea. Mahali alipopimiwa alipewa RF 24 huku mpaka wa maabara hiyo ukiwa 20, akarudishwa nyumbani na karatasi bila neno la maana. Alijihesabu mgonjwa wa maisha. Akaanza kuwaaga watu. Daktari wa viungo alipomwona hakuiangalia karatasi mwanzoni, alimwambia, "Mama, nipe mikono." Akabana kiungo kimoja kimoja cha vidole kwa kidole gumba na cha shahada, akaenda kwenye vifundo vya mikono, halafu magoti. Vidole vikavu, havina uvimbe, haviumi. Magoti yalikuwa na gegedu lililosagika, kitu cha kawaida kwa umri wake. RF yake ya 24 ilikuwa ndiyo zile RF za uzee, na haijawahi kumfanya lolote mpaka leo.

Namba nayo ina uzito wake, hilo lisipuuzwe. Mpaka wa kawaida unatofautiana: maabara moja itaweka 14, nyingine 20, kwa hiyo usilinganishe karatasi yako na ya jirani aliyepimiwa kwingine. Ila namba iliyopita mpaka kidogo na namba iliyouzidi zaidi ya mara tatu hazisemi jambo moja. Ya pili inastahili kumfanya daktari avute kiti.

Upande wa pili wa sarafu ndio unaonitisha zaidi, kwa sababu hasi haimlizi mtu. Hasi inamtuliza. Mwanamke wa miaka 35 ana vifundo vya vidole vilivyovimba mikono yote miwili, asubuhi hawezi kukunja ngumi wala kufungua kizibo cha chupa, na ukakamavu unachukua zaidi ya saa nzima kabla mikono haijakubali. RF inatoka hasi. Anapewa dawa ya maumivu, anaambiwa si baridi yabisi. Wakati huo utando wa ndani ya viungo umevimba na unaendelea kuula mfupa, na uharibifu huo ukishatokea haurudi nyuma. Watatu hivi katika kila wagonjwa kumi wa baridi yabisi hawana RF wanapopimwa. Kwa hiyo anayesema "RF hasi, nenda nyumbani" kwa mtu mwenye mikono ya namna hiyo amekitumia kipimo kufunga jicho lake mwenyewe. Na ikiwa uvimbe huja alfajiri na kupungua ifikapo zamu yako ya kuonana na daktari, piga picha ya mikono asubuhi. Naambiwa na madaktari kwamba picha hiyo huwasaidia kuliko karatasi nyingi.

Kwa wagonjwa kama huyo ndipo anti-CCP inapokuja, kipimo cha kingamwili nyingine, na hiki ni kipimo ninachokipenda waziwazi. Mwaka 1964 Waholanzi wawili, Nienhuis na Mandema, waliona kwamba seramu za wagonjwa wa baridi yabisi zina kingamwili zinazong'ang'ania kwenye seli za ndani ya shavu, pembezoni mwa kiini cha seli. Walijua zipo, kinachoshikwa hasa hakikujulikana. Kipimo kilikuwa cha usumbufu, maana ulihitaji mashavu ya watu wa kukwangua, tena si kila shavu lilifaa. Ikapita miaka zaidi ya thelathini. Mwaka 1998 Gerard Schellekens, Walther van Venrooij na wenzao huko Nijmegen wakaonyesha kwamba siri iko kwenye sitrulini. Ndani ya protini za mwili kuna asidi amino iitwayo arjinini, na mahali penye uvimbe kuna vimeng'enya vinavyoibadilisha kuwa sitrulini. Ni badiliko dogo sana, lakini kwa baadhi ya watu kinga haiitambui tena protini iliyobadilishwa, inaichukulia kuwa mgeni na kuitengenezea kingamwili. Wakatengeneza vipande vya protini vyenye sitrulini vilivyofungwa kama pete, na kipimo kikapatikana kisichohitaji shavu la mtu.

(Sitrulini yenyewe ilipatikana mara ya kwanza kwenye tikitimaji, huko Japani, mwaka 1914. Naitaja kwa sababu najua kuna atakayeisoma kwingine akaacha kula tikiti. Kula tu. Sitrulini ya kwenye tunda haihusiani na arjinini inayobadilishwa ndani ya protini za viungo vyako.)

Anti-CCP hukamata wagonjwa karibu sawa na RF, wawili katika watatu hivi. Faida yake iko kwingine: haidanganyi ovyo. Katika watu 100 waliochujwa kama wale wenye viungo vilivyovimba, ila wasio na baridi yabisi, itakuwa chanya kwa wachache, kama watano tu, hata pale ambapo RF ingekuwa imeshapiga kelele kwa sababu ya homa ya ini au uzee. Tena yule mwenye anti-CCP ya juu ana uwezekano mkubwa zaidi wa mifupa kuliwa, kwa hiyo daktari huwa hamcheleweshei dawa. Hata hivyo bado kuna wagonjwa wasio na RF wala anti-CCP, na si wachache. Ugonjwa wao ni wa kweli na unatibiwa kwa dawa zilezile.

ESR na CRP, vipimo vingine viwili vya damu, nitazipitia haraka. Zote mbili zinajibu swali moja, kama mwilini kuna uvimbe unaowaka, na hakuna kati yake inayojua uko wapi. ESR ni kusimamisha damu isiyoganda kwenye mrija mwembamba kwa saa moja na kusoma chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Penye uvimbe, protini kama fibrinojeni huongezeka, chembe hupangana safu kama sarafu, huwa nzito na hushuka haraka. Upungufu wa damu huipandisha, ujauzito huipandisha, umri huipandisha. Kuna kanuni ya zamani ya kukadiria mpaka: mwanamume gawa umri wake kwa mbili, mwanamke ongeza kumi kwanza kisha gawa. CRP ni protini inayotengenezwa na ini, hupanda ndani ya saa chache na kushuka haraka chanzo kikitulizwa, kwa hiyo mimi naiamini zaidi kwa kufuatilia. Lakini hata mafua makali huipandisha. Na mtu anaweza kuwa na vidole vilivyovimba wazi huku ESR na CRP ziko sawa kabisa.

Kuna jedwali ambalo natamani kila anayeshika karatasi hizi alione. Mwaka 2010 vyama vya madaktari wa viungo vya Marekani na Ulaya vilitoa vigezo vya pamoja vya kuainisha baridi yabisi. Alama ni 10, na ukifika 6 unahesabiwa kuwa nayo. Kwanza kabisa lazima uwe na angalau kiungo kimoja kilichovimba kweli, ambacho uvimbe wake hauelezwi vizuri zaidi na ugonjwa mwingine. Usipokuwa nacho, hesabu haianzi. Ukiwa nacho, idadi na ukubwa wa viungo vinaweza kukupa mpaka alama 5. RF na anti-CCP kwa pamoja: 2 ikiwa mojawapo imezidi mpaka kidogo, 3 ikiwa imezidi zaidi ya mara tatu. ESR au CRP ikiwa juu, 1. Dalili zikidumu wiki 6 au zaidi, 1.

Jumlisha sasa alama za damu peke yake. RF ya juu kupindukia, anti-CCP ya juu kupindukia, ESR juu, CRP juu: 4. Damu mbaya kuliko zote duniani, ikiwa peke yake, haifiki 6. Mwenye damu safi kabisa anaweza kufika: viungo zaidi ya 10 vikiwemo vidogo, alama 5, wiki zaidi ya 6, alama 1. Jedwali lina ukali wake kwa watu wa namna hiyo, maana mwenye RF na anti-CCP hasi aliyevimba vifundo sita vya vidole ataishia 5 hata CRP ikiwa juu na miezi imepita. Ndiyo maana madaktari wenye uzoefu hawalitumii kama rula. Lilitengenezwa hasa ili watafiti wakusanye wagonjwa wanaofanana, na daktari aliyeshika mkono uliovimba ana ruhusa ya kuanza matibabu kwa 5.

Kisha kuna lile swali gumu: mtu hana kiungo kinachouma, lakini alipimwa kwa bahati na anti-CCP ikatoka juu. Huyu simwambii apuuze. Watafiti wa Sweden na Uholanzi walirudi kwenye damu zilizohifadhiwa za watu waliokuja kuugua baadaye, wakakuta baadhi yao, hadi karibu nusu, walikuwa tayari na RF au anti-CCP miaka kadhaa kabla ya kiungo cha kwanza kuvimba. Kwa hiyo kingamwili hutangulia. Lakini kutangulia kwake hakumaanishi kila aliye nayo atafika, na kwa kawaida, nje ya utafiti, hakuna anayepewa dawa za baridi yabisi kwa sababu ya seramu peke yake. Ninachoweza kumwambia ni kwamba kama anavuta sigara aache. Moshi huchochea ile kazi ya kubadilisha arjinini huko kwenye mapafu, na kwa wenye kurithi aina fulani za vinasaba vya kinga, hatari ya kuugua huongezeka mara nyingi. Atunze fizi pia. Kuna bakteria wa ugonjwa wa fizi mwenye kimeng'enya chake mwenyewe cha kazi hiyohiyo. Na siku vidole vikivimba asisubiri mwaka uishe.

Mengine ni ya kiutendaji tu. Kwa vipimo hivi vinne hakuna haja ya kukaa bila kula. Asidi ya yuriki ambayo mara nyingi huongezwa kwenye fomu hiyohiyo ni ya jongo, haisemi chochote kuhusu baridi yabisi, na yenyewe ina vituko vyake. Kurudia RF kila baada ya miezi mitatu ili kuona kama "imeshuka" ni kupoteza damu na fedha, kwa sababu namba yake haifuatani na hali ya viungo. Nimeona watu wakifurahia kushuka kutoka 180 hadi 150 huku vidole vinazidi kupinda. Ugonjwa hufuatiliwa kwa kuhesabu viungo vinavyouma na vilivyovimba, mara nyingi 28 vilivyochaguliwa, pamoja na ESR au CRP na maelezo ya mgonjwa mwenyewe.

Matibabu yakianza, chupa za damu haziishi, ila zinabadilisha swali. Methotreksati, ambayo ndiyo huanza kwa wengi, inataka ini, figo na wingi wa chembe za damu viangaliwe kabla na baada, na homa ya ini aina ya B na C ipimwe kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Humezwa mara moja kwa wiki, siku ileile. Kila siku ni sumu. Kwa hiyo chembe nyeupe zikishuka ghafla kwa mgonjwa wa methotreksati, swali la kwanza ninaloomba aulizwe ni anameza siku gani.